Kifudifudi kwa Bi Mkeka

Msusi alikuwa amefika katikati ya kichwa alipouachia umbea.

"Mwenzangu, mtoto wako si unampeleka kwa Bi Mkeka?"

"Nampeleka. Kwani kuna nini?"

"Mimi sina langu. Ila nasikia anawafundisha watoto kufa."

Mama huyo kijana, aliyekuwa mpiga pasi kwa dobi, alitaka kugeuka, lakini nywele zake zilikuwa mikononi mwa jirani yake.

"Kufa vipi?"

"Anawalaza kifudifudi, wamejipanga kama maiti, hakuna anayeinua kichwa. Mwenye duka kawaona alipopeleka sabuni. Mimi chumvi sijatia hata punje, nimekupakulia kama nilivyopakuliwa."

Ulimi wa msusi haukuwa na mfupa, na mpiga pasi alizoea kuyachuja maneno yake. Hili halikuchujika. Mtoto alikuwa naye huyo mmoja, wa miaka minne, mdomo haufungi kutwa kucha hata mtaa ukambandika jina la Chiriku. Na tangu vijana wa pande mbili za soko waanze tena kuwindana kwa bunduki, kila asubuhi alimwacha kwa mlezi huku roho iko mkononi. Akasimama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka.

"Unakwenda wapi na kichwa hicho?"

"Kumtoa mwanangu."

Bi Mkeka hakuwa mwalimu wala hakujiita hivyo. Alikuwa mshona magodoro, na vidole vyake vilikuwa vimekomazwa na sindano ndefu. Ulezi ulimjia kupitia mjukuu wake wa kike. Miaka mingi nyuma, mtoto huyo alikwenda kuteka maji, mtu akapigwa risasi mbele yake pale bombani, akarudi na ndoo tupu na kinywa kisicho na neno. Watu walimshauri bibi kila aina ya ushauri: mchape, mbembeleze, mwache atasahau. Yeye hakujua la kufanya. Mlango ukibamizwa tu, mtoto huyo mvunguni, na kumvuta ni kumzidishia. Basi bibi akatandika mkeka kando ya kitanda, akalala kifudifudi uso wake ukiuelekea wa mjukuu, akawa anavumisha sauti bila maneno, kama anavyofanya mtu anapopepeta mchele. Alifanya hivyo kila mara, hadi siku moja mtoto akatambaa mwenyewe akaja kulala ubavuni mwake. Sasa binti huyo ameolewa, na mumewe analalamika kwamba haachi kuongea. Majirani walipoona, wakaanza kumletea wa kwao, mmoja leo, mwingine kesho, mpaka chumba cha kushonea kikajaa watoto, na magodoro ambayo hayajachukuliwa na wenyewe akayapanga kwenye ukuta wa upande wa barabara yawe ngao ya risasi.

Mpiga pasi alifika mlangoni maneno yamemjaa kinywani. Bi Mkeka akamtazama kichwa.

"Karibu, mama Chiriku. Naona msusi kaishiwa na pumzi."

Watoto wakacheka. Kabla kicheko hakijaisha, ikasikika kutoka sokoni: ta, ta-ta-ta.

"Mkekani," akasema Bi Mkeka, kwa sauti ile ile ya kuita watu kula.

Watoto wakashuka chini, wakalala kifudifudi karibu na magodoro, kila mmoja mkono wake mgongoni mwa mwenziwe. Bi Mkeka naye akajishusha, magoti yakilia.

"Mwenzako anapumua?"

"Anapumua."

"Hiyo ni nini?"

"Risasi."

"Iko wapi?"

"Sokoni."

"Na sisi tuko wapi?"

"Mkekani."

Mmoja akaanza kulia. Bi Mkeka hakumnyamazisha. "Lia, baba, lakini lia umelala," akamwambia, kisha akaanza kuvumisha, na watoto wakamfuata, chumba kikavuma kama mzinga wa nyuki.

"Mama nusu nywele, lala," kitoto kimoja kikanong'ona. Hapo ndipo mpiga pasi alipogundua kuwa bado amesimama. Akalala. Akamtafuta mwanawe kwenye mkeka, hayupo.

Chiriku alikuwa amepanda kigoda, amening'inia kwenye dirisha, shingo nje.

"Mama, fataki! Njoo uone!"

Mpiga pasi hakujua alitambaa vipi. Alichojua ni kwamba alimshika mguu, akamvuta, wakaangukiana sakafuni. Chiriku akalia kwa hasira. "Ulisema fataki! Ulisema watu wanafurahi!"

Alisema, ni kweli. Kila usiku milio ilipoanza, alimfunika mtoto masikio kwa viganja na kumpa neno hilo, na mtoto alilala usingizi wa pono.

Nje kulipotulia, Bi Mkeka aliwapa watoto maji, kisha akaja kukaa karibu na mpiga pasi, migongo yao kwenye magodoro.

"Nilikuja kumtoa," mpiga pasi akasema.

"Najua. Umbea una miguu myepesi kuliko wewe."

"Mwanangu anakimbilia dirishani hivi kila mara?"

"Kila mara. Siku zote namwahi, leo magoti yamenisaliti. Namwambia ni risasi, ananijibu, bibi hujui, mama ndiye anajua. Nimekuita mara ngapi tuongee? Unamwacha mlangoni unakimbia kama umesahau pasi juu ya shati la mtu."

"Nilitaka asiogope, bibi."

"Na haogopi. Si umemwona dirishani?"

"Akijua, usingizi utaisha."

"Huenda. Wa mjukuu wangu haukurudi haraka. Utalala naye chini, hivyo hivyo." Bi Mkeka akamgusa goti. "Kumtoa au kumwacha ni hiari yako, mwanangu, sitakushika mguu. Ila nakuomba kitu kimoja. Neno hilo umempa wewe, mimi siwezi kumnyang'anya. Mwite sasa hivi, mkae hapa, umwambie ile milio ni nini, kwa jina lake halisi. Mwambie mama alikosea. Na akianza kukuuliza, maana Chiriku atakuuliza, usiinuke mpaka amalize."