Githongo na Pikapu Iliyopiga Teke

Mwaka wa 2003 Kitengela ilikuwa na mafundi wa magari wengi kuliko magari mazima, na kati yao Githongo ndiye aliyejulikana kwamba hajawahi kukosea. Habari hiyo aliitangaza mwenyewe, kila siku, watu wasije wakasahau. Gari likirudi bovu, kosa lilikuwa la dereva. Dereva akiwa mke wa pasta, kosa likawa la barabara. Miaka kumi na saba alikula kwa jina hilo, na wafanyabiashara wa mifugo, ambao hawaamini hata ndugu zao, walimletea pikapu zao kwa sababu yake.

Basi Jumatatu moja asubuhi Khadra akaingia kwenye uwanja wake na kusimamisha pikapu kwa kishindo kilichoangusha beseni la spana.

Khadra, ambaye wengi walimwita Mama Najah, alikuwa mama wa Kisomali aliyenunua mbuzi Kajiado na kuwauza Kitengela. Pikapu yake ya zamani ilikuwa oto, ya kubadilisha gia yenyewe bila klachi, na wanaume wa mji waliicheka mchana na kuiogopa ikiharibika.

"Githongo, gari yako inapiga teke," alisema kabla hajashuka.

"Gari yangu? Mama Najah, si ni yako?"

"Ikienda vizuri ni yangu. Saa hii ni yako."

Akaeleza. Kuongeza mwendo hakukuwa na shida, gia zilipanda laini kama uji. Shida ilikuwa kupunguza. Akifika kwenye matuta ya Isinya na kuondoa mguu kwenye mafuta, gia ilishuka kwa teke, na mbuzi wote walirushwa mbele.

"Jana wawili wamevunjika miguu. Alhamisi niko na soko. Niambie ni nini."

Githongo alikuwa hajawahi kufungua giaboksi ya oto hata moja. "Giaboksi imekufa," alisema. "Niachie niishushe."

"Ile ya Kimani uliishusha mwaka gani?"

Wote wawili wakatazama kona ya uwanja, ambako gari la Kimani lilikuwa juu ya mawe. Kuku wa jirani alikuwa ameangulia ndani yake mara tatu.

"Inangoja spea."

"Sikia, fundi. Hushushi kitu. Kwanza utaniambia ugonjwa. Ukikosea, Alhamisi nitasimama katikati ya soko la mbuzi niseme ni nani alikosea."

Githongo akatazama tena gari la Kimani. Likipotea jina, ni nani angeleta pikapu hapo? Kuku?

Akawasha injini, akachomoa stiki ya oili ya giaboksi, akainusa kwa matumaini makubwa. Ingenuka kuungua, giaboksi ingekuwa imekufa kweli, naye angepona. Oili ilikuwa nyekundu, safi, na imefika pale pale inapotakiwa. Akaingia chini ya gari na mtaimbo, akasukuma giaboksi huku na huku akitafuta kilicholegea. Hakikulegea kitu. Akatoka na vumbi usoni, akasema kazi ya heshima inataka gari liendeshwe kwanza.

Nyuma, mahali pa mbuzi, alikaa Sankale, Mmaasai aliyesafiri na mifugo ya Khadra.

"Sopa, fundi," akamsalimu kwa Kimaasai.

"Epa."

Wakatoka kwa barabara ya Kajiado, Khadra akiendesha. Kwenye tuta la kwanza teke likaja, Githongo akagonga kioo cha mbele kwa paji la uso. Kwenye tuta la pili Sankale akapiga paa la gari kwa ngumi mpaka wakasimama.

"Fundi, mimi huku nyuma nasikia kila kitu," alisema. "Zamani mama akitoa mguu kwa mafuta, injini ilinyamaza na gia ikashuka pole pole. Siku hizi akitoa mguu, injini bado inalia. Gia inataka kupumzika na injini iko na haraka. Zinagongana."

"Wewe ulisomea magari wapi?"

"Kwa makalio."

"Na nikiachilia breki," Khadra akaongeza, "inataka kwenda bila mimi."

"Tangu lini?" Githongo akauliza, na papo hapo akatamani asingeuliza.

"Tangu ile baridi ya Julai. Ilikuwa inazima asubuhi, nikakuletea."

Boneti likafunguliwa. Kwenye kabureta kuna skrubu ya silensa, ile ya kupanga injini ivume kiasi gani gari likiwa limesimama. Githongo aliipandisha katika kila gari lililopita mikononi mwake, maana wenye magari walipenda kusikia injini ikivuma wakadhani ni afya. Kisha aliitia tone la rangi ya kucha ya mkewe, Wamaitha. Fundi mwingine akiigusa, rangi ingepasuka, na Githongo angekuwa na mtu wa kulaumu.

Rangi haikuwa na ufa hata mmoja.

"Si hii ni ya Wamaitha?" Khadra akauliza, kidole juu ya tone. "Nilimwona nayo Jumamosi."

Githongo alikuwa na neno tayari. Angesema giaboksi imeingia hewa. Lakini kidole cha Khadra hakikuondoka hapo, wala macho yake. Githongo akachukua bisibisi, akalegeza skrubu mzunguko mmoja. Injini ikatulia. Wakageuza, wakapita matuta yale yale, na gia ikashuka kimya hadi Sankale akauliza kama imeshuka kweli.

"Ilikuwa silensa," Githongo alisema. "Imepanda sana."

"Nani aliipandisha?"

"Ilipandishwa."

"Na malaika?"

Githongo akatazama mbuga upande wa kushoto, halafu upande wa kulia.

"Ni mimi."

"Sema tena. Sankale hajasikia."

Alhamisi soko zima lilikuwa na habari, na Khadra wala hakuhitaji kusimama katikati, Sankale alimtangulia. Githongo alikaa kwenye uwanja mtupu akihesabu kuku. Lakini Ijumaa zikaja pikapu tisa, zote zikivuma, kila mwenyewe akitaka silensa ishushwe na akitaka kusikia lile neno kwa masikio yake mwenyewe. Mara tisa Githongo alishusha skrubu, na mara tisa mtu alisimama hapo, mikono kifuani, mpaka fundi akalisema.

Wa kumi alikuwa Ochola, muuza mikate. Githongo alifungua boneti bila hata salamu. "Ni mimi," alisema.

"Githongo," Ochola akajibu, "mimi niko na pancha."