Sauti ya Gitaa la Korali

Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini mchana, mwaka wa 1997. Najua kwa sababu nilikuwa naikodolea macho saa ya ukutani ya kanisa ili nisiangalie watu. Korali nzima ilikuwa inanicheka.

Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa mpiga gitaa la umeme wa korali. Gitaa lilikuwa moja tu, na nyuzi zake mbili zilikuwa waya wa breki ya baiskeli, maana wakati wa embargo, nchi jirani zilipotufungia biashara, nyuzi za kweli hazikuonekana mjini. Tulikuwa wapigaji wawili. Mwenzangu alikuwa kijana wa Kiriri, mtaa wa matajiri, aliyeletwa mazoezini na gari la baba yake. Mimi nilitoka Musaga kwa bisi pamoja na mama, aliyekuwa mfagizi wa kanisa lile.

Siku hiyo nilianza wimbo wa matoleo, naye akaziba masikio.

"Sikieni, nzi imefungwa mu kopo," akasema. "We mudada, ongeza sauti."

Nikaongeza. Gitaa likapiga kelele, waimbaji wakavunjika mbavu. Akaja, akanivua mkanda wa gitaa begani, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto koti.

"Leta, mama. Hii si sufuria."

Akazungusha butoni za ampli, lile sanduku la kukuza sauti: besi mpaka mwisho, mkwaruzo zaidi ya nusu. Akapiga peke yake. Ikatoka sauti nene, nzuri, siwezi kukataa. Wakampigia makofi.

Mwalimu wa korali, mama mpole asiyependa ugomvi, akakata shauri. "Kesho kila mutu apige wimbo moja. Ule watu watafuata vizuri, gitaa ni yake mpaka Noeli."

Nilimwombea yule kijana mabaya palepale mbele ya altare, bila haya. Nilitaka aaibike, na watu watakaoona wawe wengi kuliko wale walionicheka mimi.

Saa kumi wote walikuwa wameshaondoka, kwa ajili ya couvre-feu, ile amri ya kutotoka nje usiku. Mama alikuwa na nusu saa ya kumalizia kufagia kabla ya bisi ya mwisho, kwani jioni askari walikuwa wanafunga barabara ya Musaga. Nikawasha ampli. Wazo langu la kwanza lilikuwa kulegeza waya wake kwa ndani, ili kesho imzimikie yule kijana. Nikaliacha kwa sababu moja tu: ufunguo wa kanisa alikuwa nao mama, angelaumiwa yeye.

Basi nikapiga vilevile alivyopanga yule kijana. Mama alikuwa nyuma, kati ya viti, anafagia huku anaimba wimbo wa matoleo.

"Mama, unasikia gitaa?"

"Nasikia lori."

"Lori gani?"

"Iyo yako. Inapanda mulima. Wimbo, apana, siusikie."

Nikapunguza besi. "Na sasa?"

"Lori imepita. We piga, usiniulize ulize, nitasahau kona."

Nikaushusha mkwaruzo karibu na sifuri. Nikaipandisha butoni ya katikati, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuigusa. Nilipopiga peke yangu, sauti ilikuwa kavu, ya kuudhi kidogo. Lakini mama alipoimba juu yake, kila nota ilisimama wima kando ya koo lake, haikumziba wala yeye hakuiziba.

Ndipo nilipoona kosa letu sote. Neno letu ni moja, sauti. Kelele ni sauti, koo la mtu ni sauti, hata ladha ya chombo ni sauti. Mtu akisema sauti ni mbaya, mwenzake anaongeza. Hakuna anayefikiri kupunguza.

Nikaziandika nafasi za butoni kwenye daftari langu la siri. Kisha nikazirudisha zote kama alivyoziacha yeye. Sikuharibu kitu. Nilimwachia sauti yake nzuri, na nilijua kwamba hilo ni baya kuliko kukata waya.

Asubuhi kanisa lilijaa. Yeye alitangulia. Korali ilipoanza kuimba, sauti za wanaume zikalimeza gitaa lake. Benchi za mbele zilikuwa kwenye ubeti wa pili, za nyuma bado zinatafuta wa kwanza. Mwalimu akamwonyesha kidole juu. Akaongeza, ikawa mvumo mtupu. Mtoto mmoja akacheka. Kijana akanigeukia, jasho juu ya mdomo, akanong'ona:

"Dada, niguse wapi?"

Alisema dada, kwa heshima kabisa. Butoni yenyewe ilikuwa karibu na goti lake. Mimi nikafungua kitabu cha nyimbo, nikakisoma. Nilifurahi. Niliandika hivyo siku ileile na sifuti.

Zamu yangu ilipofika nilisimama kati yake na ampli, sketi yangu ikafunika butoni, nikazipanga kwa vidole bila kuangalia. Watu wakaanza pamoja na wakamaliza pamoja. Mwalimu akaniinamishia kichwa mara moja, nikaelewa kuwa gitaa limebaki kwangu. Kabla sijavua mkanda nikazungusha butoni zote kushoto, moja baada ya nyingine, mpaka sifuri, ili yule kijana asije akajua zilikuwa wapi.