Maneno Meupe Juu ya Karatasi Nyeupe

Aibu hii nimeimeza miaka mingi, na leo naitapika mwenyewe kabla hamjasimuliwa na mwingine atakayeitia chumvi (ingawa wallahi haihitaji chumvi): mimi Badi niliwahi kusimama mbele ya watu thalathini, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, nikamwita mzee wa watu mwizi, na karatasi niliyoishika kuthibitisha wizi wake ndiyo iliyonionyesha mimi kuwa mwizi. Tena karatasi zenyewe nilizigawa kwa mkono wangu, moja moja, kwa adabu, nikisema, "Tafadhali, pokea, usome."

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Shangazi yangu, Bi. Maimuna, alikuwa na nyumba ya wageni Mji wa Kale wa Mombasa, orofa tatu, vyumba kumi na kimoja, hatua chache tu ukitoka Ngome ya Yesu, na mimi ndiye niliyekuwa karani wake, mpokea wageni wake na, siku mpishi akiumwa, mkaanga mayai wake. Wageni walikuwa wamepungua pwani nzima. Orofa yetu ya juu ilikaa miezi haina mtu, mashuka tunayakunja na kuyakunjua yasishike ukungu, na shangazi akaanza kutaja habari ya kumuuzia nyumba mtu mmoja wa bara aliyetaka kuigeuza ghala. Nyumba ile ndimo alimozaliwa baba yangu. Kwa hiyo msidhani nilifanya niliyoyafanya kwa kiburi peke yake. Hofu pia ilikuwepo, na hofu ikikaa na mimi chumba kimoja huzaa shaka.

Basi nikasikia habari za websaiti. Fundi wa mambo hayo alikuwa Kazungu, mtu wa Kaloleni, mpole, mwenye miwani, aliyekuwa na chumba cha kompyuta juu ya duka la vitambaa karibu na Marikiti. Nikampandia ngazi, akaniketisha, akanieleza.

"Kaka Badi, mgeni yuko kwao ng'ambo, anaandika maneno kwenye mtambo wa kutafutia, nao mtambo unampa orodha. Aliye juu kwenye orodha ndiye anayesomwa. Aliye ukurasa wa tisa hana tofauti na aliyefunga duka."

"Na wa juu wanapandaje?"

"Kwa walichoandika. Wewe kaa mlangoni wiki nzima, andika kila swali mgeni analokuuliza. Njia ya kutoka Feri ni ipi, chandarua kipo, maji ya kuoga yapo saa zote, mwezi wa Ramadhani chai ya asubuhi inapatikana? Kila swali tulijibu vizuri, kwa ukweli, kwenye ukurasa wake. Hiyo ndiyo mipango."

Maneno mazuri, au sivyo? Mimi sikuyaamini hata kidogo. Nikajiuliza, mtu anayetoa shauri zuri hivi bila kuombwa mara mbili anataka nini? Halafu jicho langu likaangukia mezani pake, nikaona jalada limeandikwa kwa wino mwekundu, SHEE.

Shee! Ami Shee ndiye mwenye nyumba ya wageni inayotazamana na yetu, mlango kwa mlango, kichochoro chembamba kiasi kwamba mimi nikipiga chafya kwetu yeye huniombea rehema kwake. Alikuwa mzee wa heshima, rafiki ya marehemu baba yangu, na ndiyo maana namwita ami. Lakini siku ile sikuona ami. Niliona mshindani aliyenitangulia kwa fundi.

Tangu hapo nikawa mtu wa ajabu. Daftari langu la maneno ya websaiti nililifunga kwa mpira, nikawa nalala nalo, na nikienda Marikiti kununua ndizi nalitia chini ya kikapu. Mgeni akiniuliza swali mlangoni, namjibu kwa kunong'ona, macho yangu yako dirishani kwa Ami Shee (mgeni mmoja aliogopa, akadhani nyumba ina mgonjwa). Hata shangazi nilimshuku. Kila akipika mahamri huvuka na sahani kwa Ami Shee, desturi ya miaka na miaka, nami nikaanza kujiuliza mbona leo amekaa kule zaidi ya jana, na wanacheka nini.

Sasa, lile jambo dogo lililonitia shimoni. Mgeni mmoja kijana, aliyekaa kwetu siku mbili, aliniambia kwamba kwao watu wana ujanja: unaandika maneno yanayotafutwa sana, unayarudia na kuyarudia chini ya ukurasa, kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe. Msomaji haoni kitu, mtambo unaona kila kitu, unakupandisha juu. Nikamkimbilia Kazungu.

"Naweza kuyaweka," akasema, akifuta miwani, "lakini sikushauri. Mgeni akija kwa neno la uongo, akifika atafanya nini? Na hiyo mitambo nayo inaanza kuujua mchezo huu."

Mimi nikaelewa hivi: ujanja huu anamwekea Shee. Nikashikilia. Akafungua ukurasa, akanionyesha pa kuandika, nami nikamwomba ageuke atazame dirishani wakati naandika. Ndiyo, mtu katika chumba chake, mbele ya kompyuta yake, nilimgeuza uso kama mtoto aliyefanya utundu. Akageuka.

Kila kitu kiliandikwa kwa Kiingereza, lakini nawapa kwa Kiswahili. Niliandika: nafuu nafuu nafuu, Mombasa Mombasa, bwawa la kuogelea (hatuna), ufuo wa mchanga mweupe (hatuna), simba, ndovu, kifaru (hatuna, na Mungu atuepushe nao, vyumba vyenyewe vidogo). Kisha nikaandika jina la nyumba ya Ami Shee, mstari baada ya mstari, ili mtu akimtafuta yeye aniangukie mimi.

Juu, kwa herufi nyeusi zinazoonekana, niliandika sifa zetu, na sentensi moja niliyojivunia kama mtu aliyezaa mtoto: "Ukisikia harufu ya kahawa inayokaangwa, basi umefika." Maana kichochoro chetu kina mkaanga kahawa.

Wiki kadhaa zikapita. Nikaenda kutazama. Mtambo ukatoa orodha, na aliyekaa juu kabisa, ametulia kama imamu, ni Ami Shee. Sisi tuko ukurasa wa tisa. Nikafungua ukurasa wake, nikasoma mistari mitatu, damu ikanipanda kichwani: "Ukisikia harufu ya kahawa inayokaangwa, umefika." Sentensi yangu! Sikusoma zaidi. Ningesoma za nini, mwizi nimeshamkamata?

Nikamwambia Kazungu anichapie ukurasa wetu na ukurasa wa Shee, nakala thalathini thalathini.

"Thalathini? Za nini?"

"Wewe toa tu."

Mashine ikalia weee, karatasi moja moja. Alipomaliza akataka kuniambia kitu. "Kaka Badi, hizi za kwenu umezitazama? Maana mashine hii yangu—"

"Nimezitunga mimi," nikamkata, "nizitazame za nini?" Nikazitia bahashani, nikashuka ngazi. Moyoni nikasema, anajaribu kumtetea mteja wake.

Wenye nyumba za wageni wa Mji wa Kale walikuwa na kikao chao kila baada ya miezi michache, na Jumamosi ile zamu ilikuwa yetu. Sebule ya shangazi ikajaa, halwa ikapita, kahawa ikapita, Ami Shee akaombwa afungue kwa dua, akafungua. Walipofika kwenye mengineyo nikasimama. Shangazi akanitazama kwa mshangao, maana kazi yangu ilikuwa kubeba birika.

Nikagawa karatasi. Nikasema kwamba mjini kwetu sasa kuna wizi mpya, wizi wa maneno, wizi usiovunja mlango, na kwamba inasikitisha mwizi akiwa mtu mzima tunayempa mkono asubuhi na jioni. "Someni mstari wa tatu wa karatasi hii, na mstari wa tatu wa ile," nikasema, "kisha mumtazame Ami Shee."

Ami Shee hakujitetea. Alivaa miwani, akasoma polepole, akaweka karatasi gotini.

"Badi mwanangu," akasema, "maneno haya ya kahawa nimeanza kuwaambia wageni wewe hujazaliwa. Mkaanga kahawa amepanga chumba ukutani kwangu. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nikikutuma Ngomeni unipokelee wageni, na maneno niliyokupa uwaambie ni hayo hayo. Umesahau?"

Jamani. Kama mtu amenimwagia ndoo ya maji. Nikajiona nina miaka minane, viatu mkononi, nawaelekeza Wazungu wawili wenye mabegi, nalisema neno la Ami Shee kwa Kiingereza cha kukariri. Sentensi niliyoizaa, kumbe niliiokota.

Ningeketi hapo, mambo yangeishia hapo. Lakini nyuma kabisa alikuwepo Bi. Halima, mwenye nyumba ya wageni ya Kuze, mwanamke asiyesoma nusu ya kitu.

"Subiri kwanza," akasema. "Na hapa chini kuna nini? Simba, ndovu, kifaru... Badi, huyo simba yuko chumba nambari ngapi?"

Watu wakacheka, wakageuza karatasi zao. Mimi nikatazama yangu kwa mara ya kwanza. Mashine ya Kazungu ilikuwa imepangwa kuchapa herufi zote kwa wino mweusi, ziwe zilikuwa nyekundu, ziwe zilikuwa nyeupe (na hilo ndilo alilotaka kuniambia). Maneno yangu yote ya mficho yalikuwa yamejipanga chini ya ukurasa, meusi ti, yanasomeka hata kwa asiye na miwani.

"Bwawa la kuogelea," akaendelea Bi. Halima. "Maimuna, bwawa mmelichimba lini? Ufuo wa mchanga mweupe... Haya, na hapa je? Shee. Nyumba ya Shee. Nyumba ya Shee. Nyumba ya Shee. Yakhe, mbona jina la Shee limejaa kwenye karatasi yenu kuliko kwenye yake?"

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wale ni wafanyabiashara. Ami Shee alisoma jina lake mstari kwa mstari, kidole kikishuka, kama mtu anayesoma kaburi.

Shangazi ndiye aliyenimaliza, na hakupaza sauti. Alikuwa ameshika ule ukurasa wa Ami Shee ambao mimi sikuusoma mpaka mwisho. "Badi," akasema, "njoo hapa. Nisomee mstari huu wa chini. Soma kwa sauti."

Nikasoma. Uliandikwa: "Ukikuta vyumba vyetu vimejaa, usirudi na mizigo yako juani. Bisha mlango wa mbele, kwa Bi. Maimuna. Ni watu safi na wataamka kukufungulia saa yoyote."

Sikumbuki nilivyotoka sebuleni. Nakumbuka nimeketi jikoni juu ya gunia la mkaa na kanzu yangu nyeupe, nasikia watu wanaaga kwa sauti za chini, na shangazi anamwambia Ami Shee, "Utusamehe, jirani," naye anajibu, "Wewe hukunikosea, Maimuna."

Jumatatu nilimpandia Kazungu ngazi, nikamwomba msamaha, akayafuta yale maneno mbele yangu. Tukaanza upya kwa mipango yake: njia ya kutoka Feri kwa miguu, chandarua, maji, chai ya Ramadhani, na kwamba ngazi zetu ni za mwinuko mkali na mwenye magoti mabovu aombe chumba cha chini. Hatukupanda kwa siku moja, ila tulipanda. Na wageni wa kwanza kujaza orofa ya juu walikuwa mke na mume walioshika karatasi ya Ami Shee, wakiuliza kwa Bi. Maimuna ni wapi. Yule mtu wa ghala aliambiwa atafute kwingine.

Kwa Ami Shee nilikwenda siku ile ile ya Jumatatu, jioni, nikambusu mkono. Akanikaribisha, akanipa kahawa, akasema yamekwisha. Nami nikaamini yamekwisha, mpaka aliposafiri kwenda Lamu kumwona binti yake. Kila akisafiri alikuwa akiniachia mimi funguo za nyumba yake yote, kasha la pesa na kila kitu. Safari hiyo nikamwona akitoka na begi, akanisalimu vizuri, akaniuliza hali, kisha akaingia kwa mkaanga kahawa, akamkabidhi yeye zile funguo.

Miaka miwili ilipita ndipo aliponiachia tena, na hakusema neno, nami sikuuliza. Ila kiapo changu nilikiweka siku ile alipompa mkaanga kahawa funguo: sitaandika tena jina la mtu mahali ambapo siwezi kulisoma kwa sauti naye ameketi mbele yangu. Na karatasi yoyote inayotoka mashineni, hata iwe ya orodha ya sabuni, naisoma mpaka chini kabla sijampa mtu.