Ribani ya Kijani ya Mama Twahir

Mama Twahir hawezi kukaa, jamani! Hata chai anakunywa akizunguka cherehani yake pale Mbugangari, sindano tatu ku kitambaa ya kichwa. Jina yake Saidati. Ni yeye anatushoneaka ribani, sisi maskuti wa huku Gisenyi.

Kwetu, ribani ya kikosi haishonwe mbele ya mutu kutoa ahadi ya uskuti. Ukisha kusema ahadi, ndio anakuja mbio na sindano, anakushonea palepale, bega ya kushoto, wote wanaangalia.

"Zamani kule Goma zilikuwa ndefu, zinaninginia," aliniambiaka. "Shefu anakujua toka mbali uko kikosi gani. Shida, zinanasa ku miti! Wakakata, wakakata, leo iko kama kidole."

"Na ya kwako ilikuwa rangi gani?"

Hapo akaanza kupanga nyuzi zenye zilikuwa zimepangwa tayari.

Kule Goma Mama Twahir alikuwa na miaka kumi na mbili, skuti kama sisi. Ahadi ilikuwa Siku ya Mungu, Jumapili. Alishindwa kungoja, akajishonea ribani ya kijani mwenyewe, kwa kujificha. Alhamisi volkano ikalipuka, moto ikaingia Goma, wakakimbilia huku kwa miguu.

"Niliitoa palepale ku barrière ya mpaka, nikaitupa," akasema. "Nilijivalisha kitu haikuwa yangu, Akaliza. Ahadi ningeitaka sana, lakini haki sina tena."

Mi nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa shefu Muhire, mukubwa wa maskuti wetu. "Shefu, mutu mukubwa anaweza kutoa ahadi?"

"Nani alimukataza?"

Bon, Siku ya Posho, Jumamosi, tulikuwa saba wa kutoa ahadi. Mama Twahir anachungulia kikopo yake: "Ribani nane! Nani alikata hii? We Akaliza, hesabu unafundishwaka wapi?"

Nikaangalia viatu.

Alipomaliza bega ya mwisho, shefu akaita: "Saidati."

Yoo! Akaangalia mulango. "Muniache, niko na kanzu ya mutu ku cherehani."

"Itangoja!" tukapiga kelele.

Akakaribia shefu, anajifuta mikono ku kitenge, anajifuta tena. "Shefu, mi nilishaka kujishonea. Mbele ya ahadi."

"Na ukaitoa?"

"Nikaitoa."

"Basi leo ahadi itangulie."

Akanyanyua vidole vitatu. Sauti ilitoka yote, haikukatika hata neno moja.

Halafu tukabaki tunaangaliana: nani atamushonea? Mi, sasa! Nilishona kombo, kombo kabisa. Akageuza shingo, akaona. Mukono ikaenda ku makasi.

Akarudisha makasi mufukoni.

"Kesho unakuja nikufundishe kushona, weye."

Akakimbilia moto, ile pikipiki ya kubeba watu, kanzu inamungoja. Mutu wa moto akamupa kofia, ikamushinda kufunga, kwani mukono moja haikutaka kuacha ile bega ya ribani. Ni yule mutu wa moto alimufungia.