Mkono wa Mwalimu wa Kwaya

Linet Nyanchama anauza vitambaa Keroka, na dukani hana haya wala woga: atabishana na mteja mpaka mteja aombe msamaha. Ndiyo maana mumewe, Job, alidhani ni mzaha aliposikia kwamba mkewe ameikimbia kwaya.

Haukuwa mzaha. Sabato hiyo Linet alisimama mbele ya kanisa lao la Ikonge kuimbisha, akainua mkono, na mkono ukaanza kutetemeka. Moyo ukaenda mbio, kifua kikabana, jasho likamtoka. Akajua anakufa, tena mbele ya waumini wote na suti zao. Akatoka mbio kwa mlango wa pembeni. Hospitalini wakampima, wakasema moyo ni mzima kabisa. Habari njema hiyo ilimchukiza. Kama moyo ni mzima, basi mbovu ni yeye mwenyewe.

Tangu hapo kila Sabato ikawa na kisingizio chake: mara mafua, mara wageni, mara mguu. Duka likafunguliwa kwa kuchelewa, chakula kikakosa ladha, akawa analala mchana kajifunika gubigubi. Na makambi ya Agosti yalikuwa yanakaribia, ambako kwaya za makanisa ya jirani huimba hemani. Asipojitokeza, kwaya aliyoilea tangu ikiwa ya watu wachache wenye kukohoa ingepewa mwalimu mwingine. Hilo lilimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Aliporudi hospitalini, muuguzi wa afya ya akili alimweleza kwamba lile lilikuwa shambulio la hofu, kwamba halimuui mtu, na kwamba linatibika. Akampa kijitabu cha mazoezi ya nyumbani. Kijitabu kilimtaka aandike wazo linalomtisha, ajiulize ana ushahidi gani, kisha aende akalijaribu. Linet akaandika kwa hasira: "Mkono ukitetemeka, watu watajua nina kichaa, na kwaya itavunjika." Ushahidi? Hakuwa nao. Alikuwa ametoka mbio kabla ya kuona lolote. Hapo ndipo alipokasirika kweli, maana mtu anayependa kushinda mabishano alikuwa anashindwa na karatasi.

Basi akaenda kwenye mazoezi ya kwaya na mpango wa ajabu: atautetemesha mkono makusudi, aone kitakachotokea. Katikati ya ubeti akauinua, akautikisa kama mtu anayechekecha unga. Na kwaya, iliyofundishwa miaka yote kufuata mkono wa mwalimu, ikaufuata. Sauti zote zikaanza kutetemeka, besi wakinguruma kwa bidii. Aliyecheka ni Linet peke yake.

"Mmeonaje?" akauliza.

"Hiyo staili mpya iko sawa, Mwalimu," akasema Jasper wa besi. "Lakini ungetuambia mapema. Sauti ya tatu wamechelewa."

"Na ile siku nilitoka kanisani?"

"Tulijua ni tumbo. Tukamaliza wimbo bila wewe. Aki tuliimba vibaya!"

Pam, mama wa Homa Bay anayeimba sauti ya pili, alimvuta kando. "Mimi hata sikuona mkono, dada. Nikiimba naangalia viatu yangu tu, nisione watu. Naogopa." Linet akamshika mkono, asijue acheke au alie. Miezi yote hiyo alidhani macho ya kanisa zima yako kwake.

Tusidanganyane, hofu haikufunga virago siku hiyo. Kuna asubuhi mwili ulikataa kutoka kitandani, akautoa hivyo hivyo, akaenda kufungua duka. Aliendelea kumwona muuguzi, na aliendelea kubishana na mawazo yake kwenye karatasi, kazi ambayo kwa kweli aliiweza. Taratibu chakula kikaanza kuwa na chumvi tena.

Agosti hema lilifurika hata Job akakosa nafasi, akausikiliza wimbo akiwa nje, nyuma ya turubai. Kwaya ya Ikonge ilipotoka alimkimbilia mkewe na kumkumbatia mbele ya watu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mmeimba! Kumbe leo mkono haikutetemeka."

"Ilitetemeka."

"Saa gani?"

"Kutoka mwanzo mpaka amina."

Job akamtazama. "Sasa ukafanya nini?"

"Nikaimbisha."