Mkojo wa Odeta

Wifi yangu Prudencia hana mtoto, ila ana wangu. Mimi nashinda soko la Mwaloni nauza dagaa, yeye anashona nyumbani hapa Kirumba. Basi Odeta, binti yangu wa miezi kumi, ananukia mafuta ya cherehani kuliko maziwa yangu. Inaniuma, sifichi.

Juzi homa ikampanda tena. Nikamwambia wifi abaki na cherehani yake, leo mtoto anakwenda na mama yake. Akasema tu, "Sawa, wifi."

Zahanati wakampima malaria, hakuna. Daktari Malimi akaniuliza, "Akikojoa analia?"

"Halii," nikajibu. Ningejuaje?

Akataka mkojo. Wa kwenye pampasi akaukataa, eti unachanganyika na uchafu wa ngozi, majibu yanadanganya. Nimsafishe, nikinge moja kwa moja kwenye kikopo. Nikakinga. Nikamnyonyesha, nikambembeleza, nikamwimbia, wapi! Malimi akasema asipokojoa watampitishia mpira wa kutolea mkojo, maana kama ni UTI, ikiachwa inaweza kuharibu figo.

Mara mlangoni Prudencia huyo, kanga begani, kaja bila kuitwa.

"Nimeshindwa kushona, wifi."

Akampakata, akalowesha kitambaa kwa maji baridi, akamsugua taratibu chini ya kitovu huku akimfanyia "sssu, sssu" yao ya kila siku. Mtoto akakojoa, nikakinga kikopo. Nilishukuru, na papo hapo nikatamani kumnyang'anya.

"Siku hizi analia akikojoa," akamwambia daktari. "Tangu Jumapili. Nilimwambia wifi, nadhani alikuwa amechoka."

"Hongera, mama," Malimi akamjibu. Yeye ndiye kaambiwa mama, na mimi nimekaa palepale na titi langu nje.

Majibu yakatoka: UTI. Tukapewa dawa ya maji. Nikaitia kwenye mkoba wangu, nikafunga zipu, nikamwambia wifi asijisumbue, dawa nitampa mwenyewe.

Jioni nikampa, akatema. Nikampa tena, akatema, akalia akimnyooshea shangazi yake mikono. Wifi akajifanya anatunga uzi.

Alfajiri, kabla sijaenda Mwaloni, nilibisha mlangoni kwake nikamkabidhi chupa.

"Umeshampa ya asubuhi?" akauliza.

"Mpe wewe," nikasema. "Kwangu anatema."