Ushuhuda Uliomtangulia Asifiwe

Asifiwe ni binti wa Maman Fébronie, yule anayepika kwenye jiko la hospitali kule Flemingsberg. Walitoka Uvira mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni, wakapata nyumba huku Uswidi, mtaa wa Alby, na sisi akina mama wa kanisa tumemwona akikua. Ni mpole, anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya, na akicheka anafunika mdomo kwa mkono. Mama yake akimsemesha Kiswahili yeye anajibu Kiswidi, na wanaelewana vizuri tu.

Mwaka 2009 alikuwa chuo kikuu, anasoma uchumi. Hamu yake ilikuwa moja: akimaliza digrii ya kwanza asome masta ya hesabu za fedha, ile ya kupima hatari ya hasara kabla hasara yenyewe haijafika. Mshauri wa masomo alimwambia wazi, "Masomo ya biashara unayo ya kutosha. Kwenye masta hiyo wanaangalia hesabu. Chukua aljebra na kalkulasi muhula ujao wa vuli, halafu hesabu za uwezekano, na ujifunze kuandika programu za kompyuta. Bila hayo hawatakupokea."

Shida ni kwamba mtihani wake wa kwanza wa hesabu alikuwa ameanguka, na woga ukamwingia. Kuchagua masomo kulikuwa kunafungwa katikati ya Aprili. Akakaa kwenye kompyuta, akachagua mambo mepesi, masoko na uongozi wa kampuni, asimwambie mtu.

Fébronie hakujua. Yeye alishaleta ombi kwenye kundi letu la maombi, kwamba mtoto apate njia ya kuchukua zile hesabu. Tukafunga, tukaomba. Kiongozi wetu ni Maman Vénantie, na imani yake haina subira. Kwetu mtu akiomba anashukuru hata kabla ya kuona, ni desturi nzuri. Ila Jumapili moja Vénantie alipitiliza. Alisimama mbele kutoa ushuhuda, akasema, "Mungu amemfungulia binti yetu Asifiwe mlango wa hesabu, na ameshaingia."

Vigelegele vikajaa ukumbi. Asifiwe akainua kitabu cha nyimbo hadi kwenye pua.

Wakati wa kahawa hakupumua. Huyu anamwita, "Mwanahesabu, njoo nikubariki." Yule anamletea mwanawe aliyeshindwa na hesabu za sehemu shuleni. Asifiwe akamvuta Vénantie pembeni, karibu na makoti.

"Maman, sikuchagua hesabu. Nimechagua masoko."

"Masoko? Ya kuuza nini?"

"Ni somo tu, Maman."

Vénantie akakaa kwenye kiti. "Kwa hiyo nimedanganya mbele ya Bwana, na kipaza sauti mkononi."

"Nitabadilisha. Bado hawajafunga."

"Ah non, mwanangu. Usichague hesabu ili kuniokoa mimi. Jumapili nitasimama nirekebishe, watanicheka, watachoka. Niambie tu, kabla hujaogopa ulitaka nini?"

Asifiwe akaangalia viatu vyake. "Hesabu."

"Na unaogopa nini?"

"Kuanguka tena. Mama ameshawaambia mpaka wapishi wenzake."

"Ukianguka wanakufukuza?"

"Hapana. Kuna mtihani wa marudio mwezi wa nane."

Vénantie akaanza kucheka taratibu, mabega yakitikisika. "Alors, hata chuo chenu kina toba? Na wewe unakaa unaogopa kama mpagani."

Asifiwe akacheka hadi akasahau kufunika mdomo. Jioni ile alimweleza mama yake yote. Fébronie akamuuliza kama amekula, halafu akavuta kiti akae naye wakati anabadilisha. Masoko yakatoka, aljebra na kalkulasi zikaingia.

Jumapili iliyofuata Vénantie alisimama kama alivyoahidi. "Wapendwa, wiki iliyopita nilisema mtoto ameingia mlangoni. Kusema kweli alikuwa bado nje anavaa koti. Sasa ameingia, nimemuuliza mwenyewe." Watu walicheka hadi mchungaji akainamisha kichwa.

Haikuwa rahisi. Alikuwa akisoma kwenye treni ya njia nyekundu hadi anapitiliza kituo. Aljebra alipita, kalkulasi ikamwangusha, akaifanya tena mwezi wa nane, kwenye ule mtihani ambao kanisa zima tulishauita toba, akapita. Zile za uwezekano alizipenda, na programu alizifanya akiimba.

Mwaka 2011 aliomba masta. Vénantie kila Jumapili alimnong'oneza, "Nishukuru sasa?" Naye anamjibu, "Ngoja kidogo, Maman, majibu hayajatoka." Akangoja, maskini, kipaza sauti akikitazama tu.

Majibu yalipotoka, safari hii alisimama Asifiwe mwenyewe, kwa Kiswahili, mama yake akiwa mstari wa mbele.

"Wamenipokea kwenye masta," akasema. "Njiani nilianguka, nikatubu mwezi wa nane."

Wageni hawakuelewa tulikuwa tunacheka nini.